Sajini Aliyetoka Mstarini

Mtu akisimama Kamenge, kaskazini ya mji wa Bujumbura, akaelekeza macho mashariki, huiona milima ya Mirwa ikipanda juu ya uwanda wa Imbo. Udongo wa uwandani huchimbika kwa jembe. Mwamba mgumu hautaki ila mashine ya kugonga: nyundo hupiga kichwa cha ufito wa chuma, na ncha ya ufito huponda jiwe. Siku hizi wahandisi huyaigiza mapigo hayo ndani ya kompyuta kabla ya shimo kutobolewa. Aliyeweka msingi wa hesabu hiyo ni Mfaransa, na kisa chake kinaanzia katika gwaride.

Adhémar Barré de Saint-Venant alizaliwa mwaka 1797, na mwaka 1813 akaingia Chuo cha Polytechnique mjini Paris. Machi 1814, maadui walipoukaribia mji, wanafunzi walipewa silaha. Yeye, sajini wa kikosi chake, alitoka mstarini mbele ya wote, akatamka kwamba dhamiri yake haimruhusu kumpigania Napoleon, aliyemhesabu kuwa mnyakuzi wa kiti cha enzi. Askari asomaye habari hii anajua uzito wa tendo hilo. Aliitwa mtoro, akakatazwa kuendelea na masomo. Kosa lake na lipimwe kwa sheria ya jeshi. Lakini woga haukuwa, maana mwoga hujificha nyuma, hasogei mbele.

Kwa miaka 8 alikuwa msaidizi katika idara ya baruti. Mwaka 1823 serikali ilimruhusu kuingia Chuo cha Madaraja na Barabara. Huko, kwa miaka 2, wanafunzi wenzake hawakusema naye wala kuketi naye benchi moja. Alistahimili kimya kimya, akamaliza wa kwanza.

Baadaye alisimamia kazi za mifereji, akafundisha, akaandika mengi. Mwaka 1867 alitoa hesabu ya fito mbili zinazogongana kwa ncha. Pigo, alionyesha, halifiki kila mahali kwa mara moja, bali husafiri ndani ya ufito kama wimbi. Katika chuma cha pua mwendo wake ni kama mita 5,000 kwa sekunde. Wimbi likifika penye mwamba, sehemu ya nguvu yake huvunja jiwe, na sehemu hurudi. Ncha isipokandamizwa barabara, wimbi hurudi likivuta badala ya kusukuma, na hapo ndipo viungo vya fito hukatika.

Mwaka 1883, mzee wa miaka 85 na ushei, alichora pamoja na Flamant michoro ya ufito uliogongwa. Mwaka 1960 Mmarekani E. A. L. Smith alichapisha njia ya kompyuta kwa nguzo zinazopigiliwa ardhini: nguzo hugawanywa vipande, na kila kipande huhesabiwa mwendo wake kwa nukta ndogo mno za wakati. Wachorongaji wa miamba nao hutumia hesabu za namna hiyo.

Mwaka 1868 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimchagua Saint-Venant kuwa mwanachama. Kiti alichopewa kilikuwa cha marehemu Poncelet, ofisa wa Napoleon aliyetekwa Urusi mwaka 1812. Alikikalia hadi alipofariki, Januari 6, 1886.