Sidi Mubarak Bombay na Amana ya Mwili

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mikono na miguu, kila kiungo kikawa ni amana kitakachoulizwa kilivyotumika. Katika waja waliopita mwambao wa Tanganyika zamani, mmoja aliyeitumia amana hiyo kwa namna ya kustaajabisha ni Sidi Mubarak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bombay.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Alipokuwa na umri wa kama miaka 12, kijiji chao kilizingirwa na wafanya biashara wenye silaha, naye akatekwa, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa kwa bwana aliyemchukua hata Bara Hindi. Huko alikaa miaka mingi. Bwana wake alipofariki, Bombay alipata uhuru, akarejea Unguja na kujiunga na askari wa Sultani.

Mwaka 1857 alikuwa katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani, walipopita Waingereza wawili, Burton na Speke, wakamwajiri. Mwezi wa Juni msafara ukaondoka pwani kuelekea bara, na tarehe 14 Februari 1858 ukaingia Ujiji. Wakati huo Burton alikuwa amepooza miguu, akibebwa kwa machela, na Speke alikuwa karibu kupofuka kwa maradhi ya macho. Bombay alifika kwa miguu yake mwenyewe. Mwezi wa Aprili walipanda mitumbwi wakiambaa ufuko wa kusini wa Urundi, kisha wakavuka kwenda Ubwari na kufika Uvira. Huko ilibainika kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Na Bombay alisema kwamba maneno ya awali kuhusu mto huo yalifahamika vibaya. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo alifuatana na Speke hata Mwanza, kwenye ziwa Nyanza.

Baada ya hapo hakuketi. Mwaka 1860 aliondoka tena pamoja na Speke na Grant, wakapita Karagwe na Buganda, wakaufuata mto Nili hata Misri mwaka 1863. Mwaka 1871 alikuwa mkubwa wa askari wa Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone, aliyepatikana Ujiji. Na mwaka 1873, umri wake ukiwa umepita miaka 50, alishika njia pamoja na Cameron, wakalikata bara zima, hata mwezi wa Novemba 1875 wakaiona bahari ya magharibi. Hukadiriwa kwamba katika maisha yake alisafiri kiasi cha kilometa 9,600, sehemu kubwa kwa miguu.

Siri ya nguvu hiyo haikuwa kukimbia wala kushindana. Misafara ya zama zile iliamka kabla ya jua kuchomoza, ikatembea saa chache kwa mwendo wa wastani, ikatua kabla ya joto kali la mchana. Siku nyingine watu walipumzika, wakapona malengelenge na maumivu ya viungo, kisha wakaanza tena. Mwili uliozoeshwa hivyo hupata nguvu kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Wale waliomwajiri waliandika makosa yake, na mara nyingine walimpiga, ilhali bila yeye na wenziwe wasingalifika mbali. Maziwa na maporomoko ya maji yalipewa majina ya wafalme na wakubwa wa Ulaya, si jina la aliyewaongoza njia. Hata hivyo, mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha pamoja na malipo ya uzeeni. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1885.

Katika habari hizi mna mazingatio kwa watu wa Bugarama, Rumonge na mwambao wote, kwani Uislamu ulifika ufuko huu kwa njia hizohizo za misafara. Siku hizi mtu hupanda pikipiki kwenda mahali ambapo babu yake angalikwenda kwa miguu, kisha hustaajabu kuona sukari na shinikizo la damu vimemwingia. Matabibu wa leo husema kwamba mtu mzima atembee au ashughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 150 kila juma. Hizo ni kama nusu saa kwa siku tano, nazo hutimia kwa kwenda msikitini na kurudi. Mzee naye asiachiwe kitini kwa kisingizio cha heshima, bali ashikwe mkono, atembee kwa kadiri ya uwezo wake. Na aliyepooza upande mmoja asikatiwe tamaa. Viungo vyake vinyooshwe na kuzoeshwa kila siku kwa maelekezo ya tabibu, kwani kiungo kisichotumika hukakamaa na kudhoofika.

Bombay alinyang'anywa nyumbani, wazazi na uhuru wa utoto wake. Miguu aliyobaki nayo hakuiacha ilale. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, na atujaalie kuzitunza amana zetu hata siku ya kuzirejesha. Amin.