ALICE BALL: MKEMIA ALIYENYANG'ANYWA JINA

Maisha ya wanasiasa na ya watunzi wa mashairi tumeyasoma ya kutosha, na tutaendelea kuyasoma. Lakini mwaka huu nimemwomba mhariri anipe nafasi niwaletee mtu wa maabara. Najua kuna watakaoguna, ati maabara na Chama cha Kiswahili wapi na wapi! Basi tulieni. Kiswahili si cha mashairi tu, na mtu ninayetaka kuwasimulia alifanya kazi kubwa mno kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano, halafu mwenye cheo akaichukua kazi hiyo.

Alice Augusta Ball alizaliwa tarehe 24 Julai 1892 huko Seattle, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Marekani. Alikuwa Mmarekani mweusi. Kumbukeni kwamba utumwa nchini humo ulikomeshwa mwaka wa 1865, yaani miaka ishirini na saba tu kabla yeye hajazaliwa. Hata hivyo jamaa zake hawakuwa watu wa kubahatisha. Baba yake alikuwa mhariri wa gazeti, wakili na mpiga picha. Babu yake naye, James Presley Ball, alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kabisa kuwa wapiga picha mashuhuri Marekani. Na picha za enzi za ujana wa babu hazikuwa hizi za kubonyeza simu. Bamba la fedha lilitiwa kwenye mvuke wa ayodini, likapigwa mwanga, kisha likatiwa kwenye mvuke wa zebaki ndipo sura ya mtu ikatokea. Hiyo si kemia ni nini? Mimi sioni ajabu mtoto wa nyumba kama hiyo kupenda somo hilo.

Alice alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, babu alisumbuliwa sana na maumivu ya viungo. Jamaa yote ikafunga mizigo ikavuka bahari hadi visiwa vya Hawaii kutafuta joto. Mzee aliaga dunia mwaka wa 1904, na mwaka uliofuata wakarudi Seattle. Huko Alice alisoma shule ya sekondari, akamaliza mwaka wa 1910 akiwa na alama nzuri sana za sayansi.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington, mjini humo humo. Mwaka wa 1912 akapata digrii ya kemia ya dawa, na mwaka wa 1914 akapata nyingine ya ufamasia. Digrii mbili, jamani, na hapa wengine wetu moja tu tunaiona kama mlima Kenya! Tena mwaka huo wa 1914 makala aliyoiandika pamoja na mwalimu wake, William Dehn, ilichapishwa katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani. Kwa msichana mweusi wa miaka hiyo, jambo hilo lilikuwa nadra kama maziwa ya kuku.

Sasa ndipo ninapotaka mtege sikio. Vyuo viwili vilimwita kwa msaada wa masomo, kimoja cha California na kingine cha Hawaii. California kilikuwa kikubwa, na cha Hawaii kilikuwa kichanga mno, kimeanzishwa mwaka wa 1907 tu, wala hakijaitwa chuo kikuu bado. Alice akachagua Hawaii. Akapanda meli akarudi kwenye visiwa vile alivyovijua utotoni, kwenda kusomea shahada ya uzamili ya kemia, na si ile ya kukaa darasani tu bali ile ya utafiti.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia tofauti ni ipi, akanieleza hivi. Sisi tukifanya jaribio, jibu liko tayari kitabuni. Mwalimu analijua, mwenye kutunga mtihani analijua, na hata ndugu yako aliyemaliza kidato cha nne analijua. Bureti ikikupa nambari ya ajabu, unajua wewe ndiye umekosea. Lakini mwanafunzi wa utafiti hupewa swali ambalo jibu lake halipo kitabu chochote. Nambari ikitoka ya ajabu, hajui kama ni kosa au ni ugunduzi, basi hurudia tena na tena mpaka aamini. Mwisho huandika yote katika kitabu kinachoitwa tasnifu, na wenye elimu wanakaa kukipekua. Kusema kweli niliposikia hayo nilipata hofu kidogo, na hamu pia.

Swali la Alice lilikuwa juu ya mzizi. Wenyeji wa Hawaii na visiwa vingine vya Bahari ya Pasifiki wana mmea uitwao kava, wenyewe Wahawaii huuita awa. Mizizi yake husagwa au kupondwa, ikachanganywa na maji, ikanywewa. Humtuliza mtu, na ulimi ukafa ganzi kidogo. Swali ni hili: ndani ya mzizi huo mna nini hasa kifanyacho kazi hiyo? Kutenga kitu kama hicho ni kazi ya subira. Mzizi una wanga, una nyuzi, una rangi, una utomvu, na wewe wakitaka kitu kimoja tu kilichojificha humo. Unausaga, unauloweka katika kiyeyushi, unachuja, unavukiza, unapima uzito, unajaribu, kisha unaanza upya na kiyeyushi kingine. Aliikamilisha tasnifu hiyo na mwaka wa 1915 akatunukiwa shahada. Hakuna mwanamke aliyekuwa amepata uzamili katika chuo hicho kabla yake, wala mtu mweusi yeyote. Hapo hapo wakampa kazi ya kufundisha kemia, mwanamke wa kwanza tena, naye alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Tasnifu ile ya mizizi ilimfikia daktari mmoja aitwaye Harry Hollmann, wa hospitali ya Kalihi mjini Honolulu. Huyu alikuwa na shida iliyowashinda watu kwa miaka mingi. Shida yenyewe ni ukoma.

Ndugu msomaji, sisi leo ukoma twausikia zaidi katika Biblia, lakini wazee wetu waliujua. Hapa Kenya kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma kule Alupe, karibu na Busia. Ni ugonjwa unaoletwa na viini vinavyokula neva za ngozi, mikono na miguu ikafa ganzi, mtu akaungua jikoni bila kujua, vidonda vikamharibu vidole. Haumbukizi kwa urahisi kama watu walivyodhani, kwa maana miili ya watu wengi huvishinda viini hivyo yenyewe. Lakini hofu haina macho. Huko Hawaii sheria ilipitishwa mwaka wa 1865, na kuanzia 1866 wagonjwa walikamatwa wakapelekwa Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai. Upande mmoja bahari, upande wa pili majabali marefu kama ukuta. Mke aliachanishwa na mumewe, mtoto na mamake. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya watu 8,000 walipelekwa huko, wengi wao wenyeji wa Hawaii, na wengi hawakurudi. Sheria ya kuwatenga haikuondolewa mpaka mwaka wa 1969. Kalihi ndipo wagonjwa walipopimwa kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo mtu akiingia pale alikuwa kama aliyesimama mlangoni mwa gereza.

Dawa ilikuwapo, lakini dawa gani hiyo! Ni mafuta ya mbegu za mti wa chalmugra, yaliyotumiwa zamani sana katika tiba za Bara Hindi na Uchina. Ukiyapaka ngozini hayasaidii sana. Ukiyanywa, ni machungu na yanatapisha, wagonjwa wakawa hawakubali tena. Ukiyadunga kwa sindano, ni mazito, yanakataa kusambaa mwilini, yanabaki chini ya ngozi kama malengelenge yaliyopangwa mstari, na maumivu yake yasiseme mtu. Mnajua wenyewe mafuta ya kupikia yakimwagwa katika sufuria ya maji hufanya nini: yanaelea juu na kujitenga. Basi mwili nao kwa sehemu kubwa ni maji.

Hollmann akamwomba Alice autafute mlango. Alice alikuwa akifundisha mchana kutwa, na saa zilizobaki akawa maabarani na mafuta hayo. Alichofanya, kwa jinsi nilivyokielewa, ni hiki. Mafuta yoyote ni asidi za mafuta zilizofungwa pamoja na gliserini. Wale wanaochemsha sabuni huvunja kifungo hicho kwa magadi makali. Alice naye alizitoa zile asidi, akazitenganisha, kisha akaziunganisha na alkoholi ya ethanoli. Zao la asidi na alkoholi huitwa esta. (Esta tutazisoma kidato cha nne, lakini nimetangulia kuzichungulia katika kitabu cha dadangu.) Esta za chalmugra zilikuwa nyepesi kuliko mafuta yenyewe, na zilipodungwa mwili ulizipokea, huku nguvu ya dawa ikiwa haijapotea. Kazi iliyowashinda wataalamu miaka na miaka, yeye aliimaliza katika muda usiotimia mwaka.

Hakuishi kuona matunda yake. Mwaka wa 1916 aliugua akarudi kwao Seattle, na tarehe 31 Desemba mwaka huo akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Gazeti moja la Honolulu liliandika kwamba huenda alivuta gesi ya klorini alipokuwa akifundisha maabarani, ilhali cheti cha kifo kilitaja kifua kikuu. Klorini sisi wa kidato cha tatu tumeisoma muhula huu. Mwalimu huiandaa tone kwa tone, madirisha yote yakiwa wazi, na bado watu hukohoa. Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwaua askari kule Ypres, nchini Ubelgiji, mwaka wa 1915.

Alice alikuwa hajachapisha lolote kuhusu esta zile. Daftari zake zikabaki chuoni. Rais wa chuo wakati huo alikuwa Arthur Dean, naye alikuwa mkemia. Akaendeleza kazi, akatengeneza dawa kwa wingi, akachapisha makala, na jina la Alice Ball halikuonekana humo. Njia hiyo ya kutengeneza dawa ikaja kuitwa Njia ya Dean! Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza nikanywa maji. Kusema haki, Dean alifanya kazi, maana kutengeneza chupa moja na kutengeneza dawa ya kutosha hospitali nzima si mamoja. Lakini kutaja jina la mtu kungemgharimu nini? Wino? Marehemu hadai mshahara.

Na dawa ilifanya kazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920, wagonjwa 78 wa Kalihi walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani. Hebu fikirini watu 78 waliongojea kupelekwa Molokai, badala yake wakapiga hodi kwao! Si kwamba esta ziling'oa ugonjwa kabisa, la. Wengine uliwarudia. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa tiba bora duniani mpaka dawa za salfoni zilipotokea katika miaka ya 1940. Siku hizi mgonjwa hupewa mchanganyiko wa vidonge, utaratibu uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1981, naye hupona kabisa.

Wa kwanza kumtetea alikuwa yule yule Hollmann. Mwaka wa 1922 aliandika makala akaeleza wazi kwamba kazi ilikuwa ya Alice, akaiita Njia ya Ball. Namheshimu sana daktari huyo. Lakini sauti ya mmoja si kitu mbele ya mwenye cheo, na makala ile ikafunikwa na vumbi kwa zaidi ya nusu karne. Kuanzia miaka ya 1970, watafiti kama Kathryn Takara na baadaye Stanley Ali waliingia katika hifadhi za nyaraka, wakafukua karatasi moja moja.

Mwaka wa 2000 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliweka bamba la kumbukumbu chini ya mti wa chalmugra uliomo chuoni humo. Serikali ya jimbo nayo ikatangaza tarehe 29 Februari kuwa siku ya Alice Ball. Nilipoisoma tarehe hiyo nilicheka, kwani huja mara moja kila baada ya miaka minne. Hata katika kumheshimu bado walimpimia kwa kijiko! Mwaka wa 2007 chuo kikampa nishani yake ya juu, miaka tisini baada ya kufa kwake.

Na kule London kuna chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto, ambacho jumba lake lilifunguliwa mwaka wa 1929. Ukutani kwa nje yamechongwa majina 23 ya mabingwa wa tiba, wote wanaume. Yalikaa hivyo miaka tisini. Mwaka wa 2019 mafundi wakapanda tena na vyombo vyao wakaongeza matatu: Florence Nightingale, Marie Curie na Alice Ball.