Alexander Mackay: fundi aliyewavuta vijana wa Buganda kwenye karakana

Nchini Uganda, kama ilivyo kwa majirani wake, kilio cha vyuo vya ufundi ni kilekile kila mwaka. Wanafunzi waliofaulu vizuri huvipita wakienda kutafuta vyuo vikuu, wasichana huingia kwa uchache, na mzazi hupenda kumwona mwanawe nyuma ya meza ya ofisi kuliko kumwona juu ya paa akipigilia misumari. Mjadala huo si wa leo. Ulikuwepo miaka zaidi ya 140 iliyopita huko Nateete, ambako sasa ni mtaa wenye msongamano jijini Kampala na wakati ule palikuwa kiunga cha makao ya Kabaka wa Buganda. Hapo ndipo Mskoti mmoja mfupi wa umbo, mwenye ndevu na macho ya buluu, alipoweka fuawe yake na mashine ya kukereza chuma, akaanza kufanya kazi mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona mgeni wa mfalme akijichafua mikono.

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na msomi, aliyemfundisha mwanawe nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14 na aliyetumaini kwamba mtoto huyo angemfuata madhabahuni. Mtoto hakufuata. Muda wake aliumaliza kwa mhunzi wa kijiji na kwa seremala, na alikuwa tayari kutembea maili nyingi hadi mji wa Huntly ili aone kichwa cha garimoshi kikisimama kwa dakika chache na kuondoka. Hata katika nyumba ya msomi wa Ulaya, basi, swali la kalamu na nyundo lilikuwepo.

Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi, huku mchana akifanya kazi katika kiwanda cha bandari ya Leith. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, akaajiriwa kuchora mitambo, na baada ya muda akakabidhiwa idara ya vichwa vya garimoshi katika kampuni yake. Angeweza kuishia huko akiwa tajiri. Lakini mwishoni mwa 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley kutoka Buganda, ikieleza kwamba Kabaka Mutesa alikuwa tayari kupokea walimu, na kwamba aliyefaa kwenda ni mtu wa vitendo, ajuaye kujenga, kulima na kutibu, si mhubiri wa maneno matupu. Mackay akajitolea. Aprili 1876 aliondoka Uingereza pamoja na wenzake wa shirika la CMS, kundi la watu wanane lenye mafundi ndani yake, na mwezi uliofuata akafika Zanzibar.

Safari kutoka pwani hadi Buganda ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Vibarua wake wa pwani walizoea kubeba mizigo kichwani. Aliwapa shoka, sururu na sepetu, akashika na yeye. Kiswahili alichokitumia hata mwisho wa maisha yake alikipata huko, kwenye vumbi na matope, kabla ya kukisoma vitabuni. Mwishoni mwa mwaka huohuo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Wengine walikwisha kufa kwa homa au kurudishwa kwao wagonjwa. Mackay alipofika ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria mwaka 1878 alikuta vifaa vya msafara vimerundikwa ovyo, akavikusanya, akaitengeneza upya mashua iliyoitwa Daisy, na Novemba akaingia Buganda. Alikuwa na miaka 29.

Ni lazima kusema kwamba Buganda haikuwa nchi isiyo na mafundi. Ilikuwa na wahunzi, wafinyanzi, waunda mitumbwi na watengenezaji wa vitambaa vya magome ya mti, na baadhi yao walikuwa na vyeo vikubwa ikulu. Mtu asomaye barua za Mackay peke yake anaweza kudhani nyundo iliingia nchini pamoja naye, na hilo si kweli. Kilichokuwepo ni mpaka. Ufundi uliambatana na ukoo na cheo: kazi ya vitambaa vya magome, kwa mfano, ilijulikana kuwa ya ukoo wa Fisimaji. Mamia ya vijana waliohudumu katika kasri, wengi wao wana wa machifu, walipelekwa huko kujifunza kutawala. Kilimo kiliachiwa wanawake, na mizigo ikaachiwa watumwa. Kijana mwenye matumaini ya kupewa jimbo hakuwa na sababu ya kushika tezo.

Nateete iliuvuka mpaka huo. Chuma kilizunguka kwenye mashine na kutoka kikiwa laini. Magogo mazito yalipanda kilima kwa magurudumu. Mackay alipochimba kisima na kufunga bomba, watu walikuja kutazama maji yakipanda juu bila kuchotwa, na wapo waliosema kwamba mgeni huyo alikuwa na pepo. Yeye aliwajibu kwa kuwaeleza jinsi bomba linavyofanya kazi. Wakamwita Mzungu wa Kazi, jina la Kiswahili tupu lililomshika hadi kufa. Wakaanza kuja vijana. Wengine walitoka kasrini, wana wa watu wakubwa. Wengine walikuwa watoto waliotekwa vitani na kukombolewa. Walikaa pamoja kwenye meza moja ya useremala, jambo ambalo sheria za kasri zisingeliruhusu.

Chambo hakikuwa ufundi pekee. Vijana wa Buganda walikuwa na njaa ya kusoma, na njaa hiyo haikuletwa na wamisionari. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani ndio waliotangulia kufundisha kusoma katika baraza la Mutesa, na Kabaka mwenyewe alijua Kiswahili na Kiarabu kwa sababu yao. Mackay aliikuta njia imekwisha kulimwa. Kwa kuwa hapakuwa na kitabu cha Kiganda, masomo ya mwanzo yalitumia maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Zanzibar. Baadaye alichonga herufi za mbao kwa mkono wake na kuchapa karatasi za kujifunzia Kiganda. Hapo karakana na darasa vikawa kitu kimoja: kijana aliyetaka kitabu alijikuta akijifunza jinsi kitabu kinavyotengenezwa. Mmoja wa waliobatizwa kwanza Machi 1882, aliyechukua jina la Sembera Mackay, alikuwa ameomba ubatizo kwa barua aliyoiandika kwa ncha ya jani kavu na wino wa kujitengenezea. Kama kuna sababu moja iliyoijaza karakana ya Nateete, ni hiyo. Hakuna aliyeambiwa achague kati ya kalamu na nyundo.

Wasichana hawakuwamo. Habari za karakana hiyo ni habari za wavulana, na katika maandishi yake mengi Mackay haonekani kuliona hilo kuwa tatizo.

Mutesa, kwa upande wake, alitamani zaidi bunduki na baruti, na hakuridhika sana na mgeni aliyemletea majembe na herufi. Lakini mwaka 1882, mama yake Kabaka alipofariki, ikulu yote ilimgeukia fundi. Mutesa alitaka mazishi ya kifalme ambayo hayajawahi kuonekana. Mackay alitengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, ya mbao na ya shaba, na lile la nje lilikuwa kubwa kama chumba. Sinia na vyombo vya shaba vilikusanywa ikulu vifuliwe kuwa mabamba. Kazi ilichukua takriban mwezi mmoja, mchana na usiku, na wahunzi wa Kabaka walifanya kazi bega kwa bega na mgeni. Kazi hii haikuwa na dini wala kitabu ndani yake. Hata hivyo ndiyo iliyoonyesha hadharani, mbele ya machifu wote, kwamba fundi anaweza kumfanyia mfalme jambo ambalo jeshi haliwezi.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama 18, alirithi kiti wakati Wajerumani walipokuwa wakijichukulia ardhi pwani, na hofu yake kwa Wazungu haikuwa ya kipuuzi. Waliolipa gharama ya hofu hiyo walikuwa vijana wenzake.

Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walifunga safari kuelekea ziwani pamoja na vijana wao. Njiani walizingirwa na askari wa chifu aliyewachukia, wakarudishwa, na vijana wakakamatwa. Mackay alikwenda kwa wakubwa wa baraza kuwaombea, akapeleka na zawadi. Haikufaa kitu. Tarehe 31 Januari watatu kati yao, Nuwa Serwanga, Yusufu Lugalama na Marko Kakumba, waliuawa kwa kukatwa na kuchomwa moto huko Busega, mwendo mfupi kutoka Nateete. Lugalama alikuwa mtoto aliyetekwa vitani na kuachiwa huru, na hakuwa amefikisha miaka 15. Wote watatu walikaa na kusoma katika nyumba ya wamisionari. Lawama ya moja kwa moja haiwezi kubandikwa kwa Mackay, lakini ukweli unabaki kwamba ile sifa iliyowavuta vijana, yaani mahali ambapo cheo cha baba hakikuwa na kazi, ndiyo iliyowafanya waonekane waasi.

Mwaka uliofuata mauaji yaliongezeka. Miongoni mwa waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 alikuwamo Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka, na siku chache kabla aliuawa Noe Mawaggali, mfinyanzi, aliyekuwa Mkatoliki. Mackay mwenyewe alinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu mikono yake ilihitajiwa ikulu. Alitengeneza alichoagizwa mchana, na usiku akachapa kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda, ambazo wasomaji walizificha.

Julai 1887 alilazimika kuondoka Buganda. Alivuka ziwa hadi Usambiro, katika Tanzania ya leo, akaanza upya. Alifyatua matofali, akajenga karakana, akaendelea kuchapa, akaanza kuunda mashua ya mvuke. Vijana wa Kiganda waliokimbia vita vya nyumbani walimfuata huko. Stanley, yule ambaye barua yake ilimtoa Berlin, alipita Usambiro mwaka 1889 akiwa na msafara uliochoka na kukaa karibu wiki tatu, akiwatazama vijana hao kazini. Wakuu wa shirika lake walimtaka arudi kwao apumzike. Alikataa hadi apatikane wa kushika nafasi yake. Hakupatikana. Homa ilimuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40, baada ya miaka karibu 14 barani bila kurudi kwao hata mara moja. Mashua ya mvuke haikuwa imekamilika.

Kazi iliendelezwa na wengine. Kristen Borup, aliyefika Uganda mwaka 1897, alifundisha useremala, matofali na uchapaji, na kampuni iliyozaliwa na juhudi hizo mwaka 1903 ndiyo iliyosambaza mbegu za pamba kwa wakulima. Kisha, Januari 1922, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere. Ilianza na wanafunzi 14, wote wavulana, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Haikuchukua muda shule hiyo kuongezewa udaktari, kilimo na ualimu, ikapanda daraja hadi kuwa chuo kikuu, na kadiri ilivyopanda ndivyo randa na misumeno ilivyosogezwa pembeni. Waganda wachache wanaolitaja jina la Makerere leo hufikiria useremala.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishwa kutoka Usambiro na kuzikwa Namirembe, kilima kinachotazamana na Makerere. Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, walipokelewa Makerere mwaka 1945. Hawakuja kusomea useremala.