Wangari alipanda ndege, kisha akapanda miti

Kualikwa kwenye kongamano la mazingira ng'ambo si mchezo. Utavaa beji, utapiga picha, utatoa maoni ya vijana. Lakini ukishatua JKIA, itakuwaje?

Wangari Maathai alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Alisomea biolojia Marekani, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Juni 1976 alikuwa Vancouver, Canada, kwenye kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu makazi. Huku nyumbani, mradi wake wa kwanza wa kupanda miti ulikuwa umekwama kwa kukosa pesa. Wengi wetu tungeachia hapo. Yeye alirudi na moto, akaupeleka mpango wake kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake. Juni 5, 1977, walipanda miti katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingapi? Saba tu.

Hiyo saba ndiyo iliyozaa Green Belt Movement, ambayo imepanda zaidi ya milioni 50.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Mwaka 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja 2004. Akaaga dunia Septemba 25, 2011.

Kwa hivyo ukirudi kutoka kongamanoni, mtaa hautakuuliza ulipanda ndege gani. Utakuuliza umepanda nini.