Dakta Solomon Fuller, Mwana wa Liberia Aliyechunguza Maradhi ya Kusahau

Mzee aanzapo kusahau majina ya wanawe, wengi wetu husema kuwa ni uzee tu, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Miongoni mwa mabingwa wa mwanzo waliotafuta chanzo cha jambo hili ndani ya ubongo alikuwamo Mwafrika, Dakta Solomon Carter Fuller.

Fuller alizaliwa Monrovia, nchini Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani. Akajikomboa kwa fedha zake, kisha akahamia Liberia. Mwaka 1889 mjukuu alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta elimu, na mwaka 1897 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston. Kazi yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough ilikuwa kuchunguza bongo za waliofariki.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani, akawa mmoja wa wasaidizi wa Alois Alzheimer, ambaye jina lake ndilo lililopewa ugonjwa huo baadaye. Mwaka 1912 Fuller alikusanya habari za wagonjwa wa namna hiyo waliokwisha kujulikana, akaongeza na mgonjwa wake mwenyewe. Hakukubali upesi kwamba madoa na nyuzi zilizosokotana ubongoni ndizo chanzo cha maradhi. Tahadhari yake ilikuwa na maana, kwani leo twajua kuwa wapo wazee wafao na madoa hayo hali akili zao ni timamu.

Chuoni alilipwa kidogo kuliko wenzake Wazungu. Mwaka 1933 alistaafu, baada ya Mzungu aliyekuwa chini yake kufanywa mkuu wa idara. Kisha kisukari kikampofusha. Hata hivyo, waliomtembelea katika siku zake za mwisho, kabla hajafariki mwaka 1953, walimkuta kipofu mwenye kumbukumbu kamili.

Sayansi ya leo imethibitisha kwamba kisukari, shinikizo la damu, tumbaku, ukosefu wa elimu, pamoja na uziwi na upofu usiotibiwa, huongeza hatari ya akili kudhoofika uzeeni. Fuller alikuwa na mawili kati ya hayo, na akili yake haikutetereka. Basi hatari si hukumu, wala uzee si ugonjwa. Mzee wetu asahauye hana budi kupelekwa kwa daktari, badala ya kufichwa chumbani.