Darwin, Mtoto wa Mjomba na Gugu Maji

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nilipoanza biolojia hapa chuoni nilidhani Charles Darwin hanihusu: mzee wa ndevu na maswali ya mtihani, basi. Kumbe maisha yake yamenifundisha kuogopa mche mmoja unaoelea ziwani.

Darwin alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1809. Baba yake, daktari, alimpeleka Edinburgh asomee udaktari. Dogo akashindwa kuvumilia upasuaji, akaacha. Mwaka 1831 akapanda meli ya Beagle na kuzunguka dunia karibu miaka 5. Huko Amerika Kusini alikuta mmea wa miiba uliotoka Ulaya umefunika mbuga maili kwa maili. Mmea vamizi aliuona kwa macho yake.

Mwaka 1839 alimuoa Emma Wedgwood, mtoto wa mjomba wake. Walizaa watoto 10. Watatu walifariki wadogo, akiwemo Annie, aliyekufa 1851 akiwa na miaka 10. Darwin aliishi na wasiwasi: je, ndoa ya ndugu imewaponza watoto? Bustanini nako alikuwa na swali kama hilo. Kwa miaka 11 alichavusha maua, mengine kwa chavua yao wenyewe, mengine kwa chavua ya mmea mwingine, kisha akapima miche. Kitabu chake cha 1876 kilionyesha kwamba mara nyingi miche ya mchanganyiko ndiyo yenye nguvu.

Sasa njoo kwa gugu maji. Kwao Amerika Kusini lina maua ya aina tatu, yanayotofautiana kwa urefu wa sehemu ya kike. Nje ya kwao, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa sehemu nyingi zimejaa nakala za mmea uleule mmoja. Halisubiri mbegu: linachipua pembeni, linakatika, linaelea, linaanza upya. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua tangu miaka ya 1990. Kwetu Tanganyika limeshaonekana upande wa Burundi.

Je, Darwin alikosea? Hapana. Maji yakiwa tulivu na yenye rutuba, nakala moja inatosha kuteka ziwa. Utofauti ni akiba ya siku ngumu: akija adui mpya, kundi la wanaofanana lina njia chache za kuponea. Wadudu walaji wa gugu hilo, walioletwa kutoka kwao na kuachiwa Ziwa Victoria, walisaidia kulipunguza. Lakini kulipunguza si kulimaliza.

Darwin alifariki 1882 bila kujua kinasaba ni nini, akazikwa Westminster Abbey. Mimi ninayekijua sina kisingizio. Likizo hii nikishuka mwalo wa Kibirizi, nitawaambia wajomba zangu wenye boti: chombo kikitoka Bujumbura, kagueni nyavu, kamba na tumbo la boti kabla ya kutia nanga. Msisubiri yawe mengi. Mmoja unatosha.