John Henry Taylor, Fundi wa Gofu

John Henry Taylor alizaliwa tarehe 19 Machi 1871 katika kijiji cha Northam, upande wa Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Watu wake walikuwa maskini. Alipopata umri wa miaka 11 akaacha shule, akaenda kutafuta kazi. Karibu na kijiji, kando ya bahari, palikuwa na uwanja mpana wa majani na mchanga, ambapo kondoo na farasi wa wanakijiji walilishwa. Katika uwanja huo matajiri walicheza gofu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mchezaji huupiga kwa gongo mpira mdogo mgumu, huufuata, huupiga tena, hata uingie katika shimo dogo lililo mbali. Mashimo yote ni 18, na mshindi ni yule ayamalizaye kwa mapigo machache kuliko wenzake. Kazi ya Taylor ilikuwa kuwabebea wachezaji magongo yao. Naye, huku akibeba, aliyatazama mapigo yao kwa makini.

Alifanya pia kazi ya bustani, na kuwasaidia waashi. Kisha alitaka kuwa askari, lakini alikataliwa, kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu. Hakukata tamaa. Akashika kazi ya kutunza uwanja, na mwaka 1891 akaajiriwa huko Burnham awe fundi wa gofu.

Siku zile fundi wa gofu alihesabiwa kuwa mtumishi tu. Aliwafundisha mabwana na kuwatengenezea magongo, lakini hakukaribishwa katika nyumba ya chama chao. Ni kama mwashi wa Nachingwea au Ruangwa aijengaye nyumba nzuri, na siku ya karamu akaachwa uani.

Mwaka 1894 mashindano makuu ya gofu yalifanywa Uingereza kwa mara ya kwanza, huko Sandwich. Hapo kwanza yalikuwa yakifanywa Scotland. Taylor akashinda. Akashinda tena 1895 na 1900 huko St Andrews, na 1909 huko Deal. Wapinzani wake wakubwa walikuwa Harry Vardon wa Jersey na James Braid wa Scotland. Tangu 1894 hata 1914 mashindano hayo yalifanywa mara 21, na watu hao watatu walishinda mara 16.

Mwaka 1913, huko Hoylake, Taylor alikuwa na umri wa miaka 42. Kabla ya mashindano yenyewe ilikuwapo michezo ya kuchagua watakaoingia. Alipofika shimo la mwisho, mpira wake ulikuwa umebakiza kama hatua mbili tu. Lakini kama angeukosa, angerudi nyumbani. Akaupiga, ukaingia. Siku ya mwisho ikavuma dhoruba ya upepo na mvua. Wengi walishindwa kuongoza mipira yao. Taylor, aliyekua katika upepo wa bahari, akaivuta kofia yake chini, akakaza miguu, akaipiga mipira iende chini chini. Akashinda kwa tofauti ya mapigo manane. Hiyo ilikuwa mara yake ya tano.

Lakini kombe si kazi yake kubwa kuliko zote. Mwaka 1901 yeye na wenzake walianzisha chama cha mafundi wa gofu, ili wasaidiane na kutetea riziki yao, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliwatetea pia wafanya kazi wasio na fedha, ili nao wapate mahali pa kucheza. Na mwaka 1923 ulifunguliwa uwanja wa watu wote huko Richmond, karibu na London, kazi aliyoishughulikia sana. Mwaka 1933 alikuwa nahodha wa kundi la Uingereza lililowashinda Wamarekani huko Southport.

Katika uzee wake alirudi Northam. Mwaka 1957 chama cha uwanja ule ule alikobeba magongo ya wengine kilimfanya rais wake. Akafa tarehe 10 Februari 1963, mwenye umri wa miaka 91.

Taylor aliingia mlango uliokuwa umefungwa, wala hakuufunga nyuma yake. Aliushika wazi ili na wenzake wapite.